Ukimya Kabla ya Tarumbeta

Watu wasiojua muziki hudhani kiongozi wa okestra ndiye mwenye kazi nyepesi kuliko wote: yeye anapunga kijiti, wenzake wanatoka jasho. Mama mkwe wa kiongozi wetu alimuuliza siku ya kwanza kumtia machoni, "Sasa wewe hasa unapiga nini?" Alipojibu kwamba hapigi chochote, bibi yule alimgeukia binti yake akamtazama kwa huruma.

Lakini lilikuwepo jambo moja alilolijua kuliko viongozi wote waliomtangulia, nalo ni kuongea. Zamani ukumbi ule ulikuwa nusu viti vitupu, na nusu nyingine watu wanasinzia. Alipokabidhiwa okestra, akaanza kuwageukia wasikilizaji kabla ya kila muziki na kuwasimulia: hapa fidla zinagombana, pale ngoma inabisha hodi, mwaonaje, itafunguliwa? Watu wakacheka, wakatega masikio, wakarudi na jamaa zao. Viti vikajaa. Baadhi ya wapigaji walinung'unika kwamba wamegeuzwa pambo la hotuba, ila hakuna aliyepaza sauti, maana ukumbi uliojaa una raha yake. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ikafika mahali akawa anatunga maneno ya kusema huku anaoga, na muziki wenyewe anausoma baadaye.

Mpiga tarumbeta mkuu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima wa maneno machache. Ndiye aliyemwingiza kiongozi kwenye okestra, enzi hizo kiongozi bado anabeba viti. Majuzi jino la mbele la shemeji lilivunjika, akawekewa la bandia. Kwangu na kwako jino ni jino. Kwa mpiga tarumbeta, midomo yote inaegemea hapo, na jino jipya ni sawa na kuanza shule upya. Alijifua nyumbani kwake madirisha yakiwa yamefungwa, asisikiwe na majirani. Siku nyingine sauti ilitoka safi, siku nyingine ilipasuka.

Sasa, jioni moja kulikuwa na onyesho, na muziki wake ulikuwa na mahali pagumu. Karibu na mwisho okestra nzima inanyamaza, kisha tarumbeta inaingia peke yake, juu sana na polepole, bila wa kuisindikiza. Kabla ya kuanza, shemeji alimfuata kiongozi kwenye chumba cha nyuma, akamkuta anafunga tai.

"Shemeji, nina ombi."

"Sema tu."

"Leo ukiongea nao, usiwaambie wanisubiri pale. Muziki wenyewe hawaujui. Nikiteleza kidogo itapita tu, hakuna atakayegeuka. Ila ukishawaelekeza, wote watanikodolea macho."

"Hutateleza wewe."

"Nikiteleza mbele yao nikiwa nimetangazwa, naiweka chini. Sipigi tena. Nimeshaamua."

Kiongozi akamwahidi, na aliahidi kwa moyo mweupe. Hata mkewe alikuwa amemwambia njiani, "Mchunge kaka yangu. Tangu afiwe na mkewe, hana kingine cha kumwamsha asubuhi."

Basi akapanda jukwaani. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na watu walikuwa wameingia wameloa, wamenuna, wanakohoa. Utani wake wa kwanza haukumchekesha mtu. Baada ya wa pili, mama mmoja wa safu ya mbele alifungua mkoba akaanza kutafuta kitu. Kiongozi aliogopa, na tusimfiche: aliwaogopa watu wale kama mtoto anavyoogopa kuachwa sokoni. Ulimi hauna mfupa.

"Ngojeni niwaibie siri," akasema. "Kuna mahali okestra yote itanyamaza kimya. Halafu mtu mmoja tu, yule pale nyuma mwenye tarumbeta, atabaki peke yake na nyinyi. Msikilizeni huyo. Muziki wote umetengenezwa kwa ajili yake."

Ukumbi ukakaa sawa. Shingo zikanyooka, mkoba ukafungwa. Furaha ikampanda mpaka kooni, na ilipokwisha kupanda ndipo akakumbuka. Alipogeuka, shemeji yake alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, wala hakuinua uso.

Muziki ukaenda vizuri, tena vizuri kuliko mazoezini. Kiongozi akaanza kuamini kwamba Mungu amemsitiri. Wakafika mahali penyewe, okestra ikanyamaza.

Hakuna aliyekohoa. Miaka yote aliyosimama pale hakuwahi kusikia ukumbi umetulia namna ile, mamia ya watu wakiwa wananing'inia kwenye ncha ya kijiti chake. Muziki ulitaka kimya kifupi tu, cha kumtosha mtu kuvuta pumzi. Alimwona shemeji akiinua tarumbeta, akaona mabega yakipanda. Pumzi ilikuwa imeingia, na wakati ulikuwa umefika. Kijiti hakikushuka. Kidogo tu, alijiambia, bado kidogo. Akaushika ule ukimya, akaunyoosha, akauonja, huku kule nyuma mtu amejaza kifua, macho hayabanduki kwenye kijiti, midomo imeanza kumtetemeka. Jaribu wewe kubana pumzi hivyo, halafu upulize taratibu.

Aliposhusha kijiti, sauti ilitoka ikapasuka vipande viwili. Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mgeni rasmi aliyejikwaa mlangoni. Sauti zilizofuata zilitoka safi kabisa, lakini hakuna aliyekuwa anazisikiliza.

Mwishoni watu walisimama, wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Wengine walimfuata kiongozi mpaka chumba cha nyuma kumpa mkono. "Ule ukimya," bwana mmoja alimwambia, "ulinisisimua mwili mzima." Walipotoka, akabaki na shemeji yake aliyekuwa anaweka tarumbeta ndani ya sanduku. Kisha mkewe akaingia, akamwendea kaka yake moja kwa moja.

"Kaka, imekuwaje? Jana si ulipiga vizuri?"

Shemeji alimtazama kiongozi, na hakuwa na hasira, alikuwa anangoja. Sentensi moja ingetosha: nilimchelewesha, kosa ni langu. Mkewe angenuna, angemsema, mwishowe angemsamehe, na mzee yule angerudi mazoezini. Kiongozi aliyajua hayo yote.

"Ni lile jino," akasema.

Mkewe akaguna kwa masikitiko. Shemeji akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni jino," akasema. "Kiongozi ameshasema."

Tangu aoe katika nyumba ile, hakuwahi kumsikia shemeji yake akimwita hivyo. Mzee akafunga sanduku, akaliacha pale pale juu ya meza, akamshika dada yake mkono wakatoka nje kwenye mvua.