Taa Mbichi ya Mwajabu

Duka la Khatibu pale Kasulu lina sheria moja, naye huitaja kana kwamba aliipokea Makka: taa haitoki bila kujaribiwa. Anaifunga kwenye ubao wake, anaiwasha, halafu anaiacha iwake huku akikusimulia ukoo wake wa Pangani, ukoo ambao Kasulu nzima hakuna aliyewahi kuuona hata kwenye picha. Unapoondoka, taa imeiva na wewe umeiva.

Mwajabu alishanunua tatu. Nyumbani Kagerankanda alikuwa na vifaranga sitini wa siku mbili, mtaji wake wote, na baridi ya mvua ilikuwa haina huruma. Alitaka taa za zamani, zenye waya ndani, kwa sababu ya joto lake. Hizi za kisasa zinaangaza tu, na kifaranga haoti mwanga. Zote tatu ziliwaka vizuri dukani, zote tatu zikafika nyumbani waya umekatika, baada ya bodaboda kusalimia kila shimo la njiani. Vifaranga wanne walikuwa wamekufa, na jiko la mkaa lilikuwa linawakohoza waliobaki. Khatibu akasema mteja ana mkono wa nuksi. Mwajabu aliogopa kweli, na woga wake ukaanza kugeuka hasira.

Aliyemfumbua macho ni Nadège, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyefundisha fizikia kwao na sasa anauza vitenge. Aliinua taa moja iliyokufa kwenye mwanga, akacheka bila adabu.

"Mama, waya mupya iko na nguvu juu ya vile chembe zake ndefu zinalaliana kama ukindu wa mukeka. Ukiiwasha, moto unazikomaza, zinakuwa kubwa kama mawe. Ukiitikisa sasa, inavunjika pale mawe yanagusana. Zile za bei kali wanatiaka potasiamu kidogo kabisa, chembe zinashikana, zinavumilia. Hii ya Khatibu haina kitu."

Kumbe muuaji alikuwa ule ubao. Mwajabu akarudi dukani kuomba taa ya bei, tena mbichi, isiyowahi kuwashwa. Khatibu akakataa mbele ya wateja: leo akiruhusu taa bikira itoke, kesho watu watamletea zilizoungua wakiapa aliwauzia hivyo. Mwajabu akamwambia basi amfuate, akaijaribie bandani kwa vifaranga. Wateja wakashangilia, na Khatibu ni mtu wa kufa na tai shingoni. Akafunga duka, akapanda bodaboda na koti lake la Ijumaa, taa mapajani.

Bandani taa ikawaka. Vifaranga wakakimbilia chini yake, wakatulia, na Mwajabu akahisi machozi. Khatibu naye akavimba. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, akataka wasome wenyewe jina la kiwanda lililoandikwa kwenye kioo chake. Akaizima, akaifungua kwa leso, akageuka nayo kwa madaha. Ikagonga nguzo.

Haikupasuka. Ndani yake tu kitu kidogo kikalia, na alipoirudisha haikuwaka. Ilikuwa taa ya bei, lakini hata potasiamu ina mipaka yake mbele ya mjinga. Vifaranga wakaanza kulia upya.

Khatibu alifungua kinywa kujitetea. Mwajabu akamtangulia.

"Kaa chini, Mzee Khatibu. Fungua koti."

Akamjaza vifaranga wote hamsini na sita, wengine kwapani, wengine ndani ya shati, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Akachukua ufunguo wa duka mfukoni mwake na kumwagiza asipumue kwa nguvu. Majirani walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Yeye akapanda bodaboda, bila kucheka.

Alirudi alasiri na taa mbili za bei, zimezungushiwa kanga. Khatibu alikuwa palepale, shati limechafuka mavi ya kuku, miguu imekufa ganzi. Mwajabu akahesabu: hamsini na sita. Akamwambia sasa anaweza kuinuka. Khatibu hakuinuka.

"Shii, wamelala," akanong'ona. "Ifunge taa kwanza juu pale, uiwashe. Na mtu yeyote asiiguse."