Mchubuko wa Bastola ya Royce

Royce Tackett aliweka bastola juu ya meza ya jikoni, pembeni ya sahani yake ya maharage, akaisogeza chini ya taa na kumwambia mkewe aione mwenyewe. Nadine akaitazama. Ilikuwa nyeusi, ya bei poa, aliyoinunua mwezi wa nne, na hata mwezi wa nane haujaisha weusi wake ulikuwa umeshachubuka. Pande zote mbili za mdomo wa mtutu chuma kilikuwa nje, cheupe, na kwenye kingo za juu kulikuwa na mistari kana kwamba mtu ameipitishia tupa.

"Wameipaka masizi hawa wa kiwandani," Royce akasema. "Kitu kimelala kwenye droo tu, hakijawahi hata kuona jua, halafu kinachubuka. Kimechubuliwa na nini? Soksi zangu?"

Nadine akasema labda ni soksi. Hakuwa anatania. Alijibu ili aonekane amejibu, kisha akaendelea kukata mkate wa mahindi.

Alikuwa akiishi hivyo tangu Shelby afe. Shelby alikuwa binti yao wa pekee. Jumapili moja alasiri kijana wa hapohapo Tindall, Dustin Ferrell, alitoka ziwani amelewa chakari, akauvuka mstari wa katikati ya barabara na kuligonga gari la Shelby uso kwa uso. Sasa watu wa Tindall wana dawa moja tu ya msiba, nayo ni chakula cha kuokwa. Walimletea Nadine mabakuli ya viazi na jibini mpaka jokofu likakataa kufungika. Aliyala yote, akayaosha mabakuli, akamrudishia kila mwanamke la kwake, na kanisani wakamsifu kwa ujasiri wake. Ujasiri gani? Ilikuwa ganzi. Hakulia siku ya mazishi wala baada yake. Hata mwezi wa nne, alipoambiwa kwamba Dustin ametolewa gerezani kabla ya muda kwa sababu ya tabia njema, alisema "haya" na kwenda kuanua nguo.

Royce alikula maharage huku bado analaani rangi. Alikuwa ameshampigia Lonnie, mwenye duka la bunduki, wakati wa kazi, na Lonnie badala ya kumpa pole akamcheka. Alimwambia: umenunua bastola kwa bei ya viatu, sasa unashangaa inachakaa kama viatu? Ila Lonnie akamkumbusha pia kwamba kiwanda kinatoa dhamana ya maisha. Apige simu, waichukue, waipake upya.

Tatizo ni kwamba Royce si mtu wa kuwekewa muziki kwenye simu. Ule muziki ukifika wimbo wa pili yeye huwa ameshatukana mtu. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda kwenye lori lake la kusambaza gesi, aliiacha bastola kwenye droo na kumwomba Nadine apige yeye.

"Una sauti ya upole," alisema. "Waambie waje waichukue. Hata leo, kama wanaweza."

Nadine alipiga baada ya kuosha vyombo. Alisikiliza muziki mpaka ukaisha na kuanza tena, na haukumkera. Siku hizi alikuwa hodari wa kusubiri. Mwishowe akapokea mwanamke mwenye sauti changamfu, akamwomba asome namba iliyoko ubavuni mwa bastola, aseme imenunuliwa lini, kisha aeleze rangi imetoka wapi. Nadine akaeleza. Mdomo wa mtutu, pande zote mbili. Kingo za juu. Yule mwanamke akamuuliza kama mistari inaenda kwa urefu au inakatisha. Nadine akaigeuza dirishani na kusema inaenda kwa urefu, imenyooka yote.

"Basi samahani, mama," mwanamke akasema, "hiyo haiingii kwenye dhamana. Hiyo ni alama ya ala, ule mfuko wa kuvalia bastola kiunoni."

"Haina ala. Inakaa kwenye droo."

"Mama, droo haichubui hivyo. Hii inavaliwa kiunoni. Na haivaliwi tu, inachomolewa na kurudishwa, kuchomolewa na kurudishwa. Kwa miezi mitano? Huyo baba anaifanyia mazoezi kila siku. Mpe hongera zangu."

Nadine akamshukuru, akakata simu.

Tindall nzima inatembea na bastola kiunoni. Mchungaji anayo, mwalimu wa kwaya anayo, na hakuna anayemficha mkewe, kwa sababu hakuna cha kuficha. Royce alikuwa amemficha. Nadine alikaa kwenye kiti akiwa ameishika ile bastola, akasema moyoni: ameinunua mwezi wa nne. Dustin alitoka mwezi wa nne. Jambo lilikuwa wazi kama hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na yeye alikuwa amepika, amefua na amelala kando yake miezi yote hiyo asilione.

Alisubiri hofu ije, haikuja. Alijiuliza kama anamwonea huruma Dustin Ferrell, akakuta hamwonei. Alijua tu, kama unavyojua mvua inakuja, kwamba Royce akifyatua ile bastola atafungwa mpaka afie ndani, na yeye atabaki na nyumba, jokofu na mabakuli mengine ya viazi. Akaitia bastola kwenye mkoba wake na kuchukua ufunguo wa gari.

Hakuhitaji kuuliza pa kwenda. Dustin alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya matairi karibu na barabara kuu, na mji mzima ulijua. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la video lililofungwa zamani, pikapu ya Royce ilikuwa imeegeshwa ikitazama karakana. Royce alikuwa ndani peke yake, vioo vimeshushwa, mkate wake wa nyama ungali kwenye karatasi.

Nadine akafungua mlango na kukaa upande wa abiria. Royce hakuruka wala hakuuliza umefuata nini. Shati lake lilikuwa limepanda kidogo, na pale kiunoni Nadine akaiona ala, nyeusi, tupu.

"Wamekataa," Nadine akasema.

"Wamekataa nini?"

"Kuichukua. Wanasema ni alama ya ala, dhamana hailipii."

Alidhani Royce atageuka mwekundu na kuanza kukitukana kiwanda. Badala yake uso ulimlegea, akaonekana mzee.

"Lonnie alisema wakiichukua wanakaa nayo mwezi na zaidi," Royce akasema. "Nilikuwa nautaka huo mwezi."

Nadine akaushika mkoba wake mapajani.

"Nakuja hapa kila mchana. Naegesha gari, naichomoa bastola, naiweka pajani. Akitoka nje namwangalia. Halafu nasema leo hapana, nairudisha. Basi. Hiyo ndiyo kazi yangu, Nadine. Nachomoa, narudisha. Naona mikono imeanza kuchoka."

"Na leo hunayo. Umefuata nini?"

"Sijui. Nimezoea."

Hapo mlango mkubwa wa karakana ukapanda, na Dustin Ferrell akatoka na wenzake wawili. Nadine hakuwa amemwona tangu mahakamani. Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono ilikuwa myeusi ya matairi, na kwenye mmoja alikuwa na chupa ya soda. Mwenzake akasema jambo, Dustin akacheka, akarudisha kichwa nyuma akacheka mpaka akalazimika kuishika soda kwa mikono miwili isimwagike.

Ganzi ikamtoka Nadine yote kwa mara moja. Haikumtoka taratibu, na hakuna kitu kizuri kilichokuja mahali pake. Ilikuwa chuki, ya moto, na ndani yake mlikuwa na Shelby mzima, nywele zake, kelele zake bafuni, viatu vyake vya kazini alivyoviacha katikati ya njia. Nadine alimtaka yule kijana afe. Alitaka aache kucheka na asicheke tena. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba, na kidole kimeshajua pa kukaa, wala hakukumbuka kuupeleka huko.

Royce hakumtazama Dustin. Alikuwa akiutazama mkoba. Akanyoosha mkono wake polepole na kuushika ule wa Nadine kupitia kitambaa, pamoja na kilichokuwemo, akaukandamiza chini.

"Irudishe," akasema kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza ndiyo ngumu. Irudishe, mke wangu."

Ng'ambo ya barabara wale vijana walimaliza soda zao, wakatupa chupa pipani na kurudi ndani, na mlango ukashuka. Nadine akaachia. Mkono ulitoka mkobani mtupu, na akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwa namna ambayo wanawake wa kanisani wasingeisifu, na Royce akamwacha alie.

Alipoweza kuongea alisema waipeleke kwa Lonnie, aifungie kwenye sefu yake, na ufunguo asimpe yeyote kati yao wawili.

"Atauliza kwa nini."

"Tutamwambia."

Royce akafikiri. "Atamwambia mji mzima."

"Amwambie," Nadine akasema. "Na mimi sikuamini tena, Royce. Wala wewe usiniamini."

Royce akaivua ile ala kiunoni, akaiweka mapajani mwa mkewe juu ya mkoba, na kuwasha gari.