Upatu wa Mioyo Saba

Usiku wa jana niliota ngoma yangu imekataa kulia.

Mimi si mtu wa ndoto. Mke wangu, Tumpe, ndiye huota kwa niaba ya nyumba nzima, na asubuhi hutugawia. Kwa hiyo nilipojikuta kwenye chumba chetu cha mazoezi pale Katumba, juu nimevaa sare ya matarumbeta na chini suruali ya kulalia, sikushtuka. Nilidhani ni siku ya mazoezi tu na nimechelewa kidogo.

Nainua kirungu, naipiga ngoma. Kimya. Napiga tena kwa nguvu. Kimya, kama napiga godoro.

"Usijichoshe," ngoma ikasema. "Mimi hulia unapopiga."

"Si ndiyo napiga?"

"Unapiga kwa mkono. Hebu weka kiganja kifuani."

Nikaweka. Hapakuwa na kitu. Nikahamisha kiganja upande wa kulia, maana mtu hawezi kujua, na huko nako palikuwa pametulia.

"Moyo wangu uko wapi?"

"Umeenda kwenye mchezo."

"Mchezo gani?"

"Upatu," ngoma ikasema. "Kama wenu. Umejifunza kwako, tusilaumiane."

Hapa inabidi nieleze, la sivyo mtanifikiria vibaya kabla ya wakati.

Sisi wa matarumbeta tuko saba. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa presha. Daktari akaitazama mashine, akanitazama mimi, akairudia mashine. Akasema ni heri niache pombe, na kama nimeshindwa kabisa, basi isizidi chupa moja kwa siku. Nikawapelekea wenzangu habari hiyo kwa huzuni. Asegelile, mpiga tarumbeta wetu na rafiki yangu tangu tukiwa wanafunzi, akasema yeye amesikia chupa moja huulainisha moyo, kwa hiyo tumeandikiwa dawa, na dawa haikataliwi. Shida ni kwamba chupa moja haimfikishi mtu popote. Ndipo akaleta wazo.

Kila mmoja wetu ana haki ya chupa moja kwa siku. Badala ya kuinywa, anaichanga. Mwenye zamu anapokea zote saba. Kesho yake anakaa mkavu na kumchangia mwingine, mpaka zamu yake irudi. Ukijumlisha na kugawanya, kila mtu amekunywa chupa moja kwa siku, kama alivyosema daktari. Tulipigiana makofi. Asegelile akawa kijumbe wa kukusanya na kugawa, maana wazo lilikuwa lake.

Zamu yangu inayofuata ni Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo Lusekelo, binti yangu wa pekee, anaolewa, na mimi ndiye wa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Niliona mambo yamepangika vizuri mno.

Basi, nikafungua mlango wa chumba cha mazoezi nikatokea ndani ya baa ya Mama Sekela. Kwa kawaida katikati pana barabara na duka la mbolea. Sikuviona, na sikuvitafuta.

Viti vimeondolewa. Mahali pake pana kreti saba zimepangwa duara, na juu ya kila kreti umekaa moyo. Sita imelala fofofo. Kila mmoja umevaa kizibo cha bia kichwani kama kofia. Mmoja tu uko macho, nao unapiga kwa fujo, mwekundu, jasho linautiririka hadi sakafuni. Niliutambua. Ulikuwa wa mpiga tromboni wetu, ambaye jana ilikuwa zamu yake.

Mezani ameketi kijumbe wao. Alikuwa mashine ya presha, ameutupia mkanda wake begani kama mtandio. Kabla ya kusema alijijaza upepo mpaka akavimba, kisha akawa anasema huku upepo ukimtoka, kwa hiyo kila alichosema kilianza kwa ukali na kuishia kwa masikitiko.

"Karibu. Ukitaka kuuona moyo wako, upo kreti ya tatu, lakini leo umechanga, usiuamshe."

"Umechanga nini?"

"Mapigo. Kila moyo una mapigo yake ya siku. Badala ya kila mmoja kupiga yake kidogokidogo, jambo ambalo halifikishi moyo popote, wanamchangia mwenye zamu, anapiga ya wote."

"Na sisi ambao mioyo yetu imelala, tunaishije?"

Mashine ikajijaza upepo taratibu.

"Kwa wastani," ikasema.

"Sijaelewa."

"Kwa wastani kila mtu yuko hai."

Nilitafuta kosa katika hesabu ile nikalikosa. Ilikuwa hesabu yetu hasa.

Nikaenda kreti ya tatu. Moyo wangu ulikuwa umevaa sweta langu la kijani, lile ninalomsingizia shemeji kwamba aliliiba. Nikautikisa. Ukafungua jicho moja.

"Ah, Baba Lusekelo. Usiku wote huu unatafuta nini?"

"Nakutafuta wewe. Turudi nyumbani."

"Sasa hivi siwezi. Wenzangu wataniona mhuni. Zamu yangu iliyopita nilipokea, na aliyepokea hajitoi."

"Ulipokea lini?"

"Si usiku ule ulipotoka kupokea wewe? Ulilala chali, mimi nikawa naruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Napiga mbili za haraka, naruka moja, napiga tatu. Nilikuwa sijui hata ninapiga nyimbo gani. Asubuhi ukamwambia Tumpe una malaria."

Kweli nilisema hivyo. Tumpe alinikandia shingo kwa kitambaa cha maji, maskini, na alinipikia uji.

"Haya, yameisha," nikasema. "Jumamosi lakini utakuwepo?"

Moyo ukatazama pembeni.

"Jumamosi nachanga," ukasema. "Asegelile anapokea chupa Ijumaa, na sisi mioyo hupokea kesho yake, kwa hiyo mapigo yangu yote yanakwenda kwa moyo wake. Wenyewe umeshajiandaa, hata viatu umevipiga rangi."

"Jumamosi Lusekelo anaolewa!"

"Najua. Nani alikuwa anadunda mlangoni siku anazaliwa, wewe au mimi? Nimesikitika sana. Lakini usiwe na wasiwasi, kwa wastani utahudhuria."

Nageuka nitafute mtu mwenye akili wa kuzungumza naye. Nikigeuka, kaunta ya Mama Sekela imekuwa madhabahu, na mioyo imekuwa waumini, na mlango wa kanisa unafunguliwa. Lusekelo anaingia. Amevaa shela aliloshona mama yake mdogo, na amependeza hadi nikasahau kwamba sina moyo.

Aliyemshika mkono hakuwa mimi. Alikuwa Wastani.

Wastani alikuwa na pua ya Asegelile, kitambi cha mpiga tromboni, suruali yangu ya kulalia, na uso uliofifia kama picha ya kitambulisho cha zamani. Alitembea vizuri tu, kwa adabu. Kila hatua saba alisimama, akasubiri, halafu akaendelea.

"Huyu ni nani?" Lusekelo akauliza.

"Ni baba yako," mashine ya presha ikajibu kutoka mimbarani, ilikokuwa imevaa joho la mchungaji. "Kwa wastani."

"Nani anamtoa binti huyu?" ikauliza tena, kwa sauti ya ibada.

"Kwa sehemu, mimi," Wastani akasema.

Lusekelo akaachia ule mkono. Akaanza kuangalia benchi kwa benchi. "Baba yuko wapi? Aliniambia atakuja mwenyewe. Hata akikosea hatua, namtaka yeye." Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilipaza sauti, haikutoka. Alinipita macho kama mtu anavyopita nguzo.

Niliumia. Sikujua mtu asiye na moyo anaweza kuumia namna ile, na mpaka sasa siwezi kueleza nilikuwa naumia wapi.

"Nataka kujitoa!" nikasema, na safari hii sauti ikatoka. Kanisa likawa baa tena, na mashine ikawa imenifunga mkanda wake mkononi.

"Ukitaka moyo ujitoe, anza wewe. Zile saba za Jumamosi?"

Nikafikiri. Nakiri nilifikiri muda mrefu kuliko inavyompasa baba.

"Nichukue nne," nikasema.

Mkanda ukakaza.

"Mbili. Ni harusi, jamani!"

Mkanda ukakaza hadi vidole vikawa kama mbilingani.

"Basi, moja," nikasema. "Na zile nilizoacha wiki nzima mnihifadhie."

"Hakuna cha kuhifadhi," moyo wangu ukadakia. Ulikuwa umesimama juu ya kreti na umekasirika. "Chupa ya jana imekwenda na jana. Ukiiruka hainidai, na mimi siidai. Mnaniletea saba kwa mpigo halafu mnaniambia nigawanye! Mimi sijui kugawanya. Mimi najua kupiga moja, halafu nyingine."

"Lakini si mnasema moja inakulainisha?"

"Nani kasema? Mimi nimewahi kukuagiza bia?" Moyo ukanitazama kwa namna Tumpe anavyonitazama nikisema nimeoga. "Nimekaa na mioyo mingine, tunazungumza. Watu wanaokunywa moja wakaridhika, ndio haohao wanaotembea kwa miguu kwenda shambani, wanakula mboga, wanalala mapema, hawagombani na shemeji zao. Mioyo yao inafanya kazi kwa raha, na sifa zote inapewa chupa. Ukinywa moja nitavumilia. Usipokunywa kabisa sitakuuliza kulikoni."

 Kuna maneno ukiambiwa na daktari unasema ni kazi yake, lakini ukiambiwa na moyo wako mwenyewe umevaa sweta lako, unakosa pa kuegemea.

"Jumamosi nitakunywa soda," nikasema.

Mkanda ukalegea. Mashine ikatoa pumzi ndefu, ile ya kuridhika, na mioyo yote ikaamka kwa pamoja. Ule wa mpiga tromboni ukajitupa chini ukasema ahsante Mungu. Wakapiga kura ya kuvunja upatu. Mikono sita iliinuka, ingawa sikuona imeotea wapi.

Uliokataa ni moyo wa Asegelile. Ulikuwa mkubwa kuliko wote, umechoka, viatu vinang'aa.

"Mimi nakubali," ukasema. "Anayekataa ni mwenye mimi. Ni mbishi, nikimwambia ananyanyua sauti ya redio. Nitakwenda kumpiga muhuri, lakini wewe una mdomo. Mwambie kabla ya Ijumaa, zamu yake. Akipokea nyingine vile anavyopokea, sijui kama nitaumaliza wimbo."

Ulisema hivyo bila kulia wala kutisha. Ulikuwa unafunga kamba za viatu.

"Nitamwambia," nikasema. "Kesho asubuhi."

Moyo wangu ukavua kofia yake ya kizibo, ukaigeuza meno juu, ukanikandamizia kifuani upande wa kushoto. "Muhuri wa aliyejitoa," ukasema. "Sogea basi niingie, baridi."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake. Tumpe alikuwa anafungua pazia. Akanitazama, akaacha pazia likining'inia.

"Ulilalia nini?"

Nikajiangalia. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na alama ya duara, nyekundu, yenye meno pembeni pande zote. Tukapekua mashuka, tukainua godoro. Hapakuwa na kizibo. Nilichokipata ni sweta langu la kijani, limekunjwa chini ya mto, lina joto.

Nilikunywa chai pole pole. Ahadi ya ndotoni ni ahadi, lakini Asegelile si mtu wa kuambiwa habari za chupa kabla hajashiba. Atacheka kijiji kizima kisikie. Nilikuwa bado napanga nianzie wapi nikasikia hodi.

Alikuwa yeye, amelowa, hana mwavuli.

"Mugonile," akasalimia kwa Kinyakyusa. Akaketi. Asegelile huacha shati wazi vifungo vitatu, iwe baridi iwe nini, ili watu waone ana kifua. Leo alikuwa amefunga vyote mpaka shingoni.

"Kuhusu Jumamosi," akasema, akaishia hapo. Akakohoa. "Nilikuwa nafikiri. Huu mchezo wetu... mimi ni kijumbe, naweza kusema. Nafikiri tuuvunje."

"Fungua shati," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Fungua, mwenzangu."

Akafungua vifungo viwili, halafu cha tatu, akiangalia ukuta. Alama ilikuwa palepale ilipo yangu. Ya kwake ilikuwa imeingia zaidi, kama mtu aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Nikafunua yangu. Tukakaa tunatazamana vifua kama watoto waliochanjwa siku moja.

Tumpe akaja na birika, akatazama kifua cha kwanza, akatazama cha pili. "Nyie," akasema, "mimi sitaki hata kujua."

Lusekelo akatoka chumbani, nywele zimefungwa kitambaa, akatukuta vifua wazi. Akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nilitaka tu ujue Jumamosi nitakuja."

"Sasa, baba, ungeacha kuja?" Akacheka, akaenda kuosha uso.

Asegelile akafunga vifungo vyake, vyote. Akaniuliza kama harusini kutakuwa na soda ya tangawizi.