Kibuyu cha Petroli

Tone la petroli likikauka haliachi kitu. Nilijua hilo kwa kumtazama Elisaria wiki nyingi akijaza pikipiki ya misheni kando ya ua wetu: tone linaangukia jiwe, linang'aa, linatoweka. Asubuhi ile tone lilitoweka, na juu ya jiwe ikabaki nukta nyeusi, ndogo kama kiroboto.

Niliiona mimi kwanza, nikanyamaza. Ndivyo nilivyo, msichana wa maneno machache. Hata shuleni, kabla baba hajaniondoa darasa la pili nikachunge ndama, mwalimu alidhani sijui kusoma mpaka siku aliponipa kibao nikaandika.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Watu wawili waliitumia Tanga wakaichoka, kisha reli ilipofika Moshi mchungaji Mzungu akaileta huku kwetu Arusha. Elisaria, Mmeru wa upande wa Tengeru, alikuwa mchukuzi wa mizigo wa misheni mpaka ilipoonekana ana mkono wa kufungua na kufunga vyuma. Akapewa kuitunza. Lakini mwezi ule mkanda ulikuwa umekatika mara mbili njiani, na mchungaji alipoondoka kwenda Moshi alimwachia neno: "Nikirudi Jumamosi isipowaka, namleta fundi kutoka Tanga. Wewe utarudi kwenye mizigo."

Mizigo ni misafara ya mbali, miezi mitatu au minne. Wengine hawarudi. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Elisaria aliisukuma barabarani akikimbia nayo. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akaigeuza, akakimbia tena. Baba mdogo Lemburis alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akichonga rungu.

"Ng'ombe wako amegoma, Mmeru."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemkamua?"

"Nimemkamua. Ametoa moshi tu."

"Basi mrudishe kwa aliyekuuzia."

Elisaria alicheka, ingawa shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alifungua plagi, akaifuta masizi, akaigusisha kwenye chuma cha injini huku akizungusha gurudumu. Cheche ya bluu ikaruka. "Moto upo," akasema, akiiambia pikipiki kuliko kutuambia sisi. Akafungua koki ya tangi, petroli ikatiririka. "Moto upo, chakula kipo. Sasa unataka nini, mama?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya uzio, na nilikuwa nimeanza kujua inachotaka.

Siku tatu kabla, debe lake la petroli lilitobolewa na kutu. Alikuja kwa Yeyo, mama yangu, kuomba chombo. Yeyo akampa kibuyu kikubwa kipya, akaniambia nikioshe kwanza. Nilikiosha. Kisha nikafanya tunavyofanya kwa vibuyu vya maziwa: nikachoma kijiti cha mzeituni mwitu, nikakiingiza ndani kikiwa chekundu, nikasugua mpaka kuta zikawa nyeusi na kunukia, nikakung'uta. Maziwa hukaa vizuri ndani ya kibuyu cha namna hiyo, nayo huchukua ile harufu. Petroli sikujua hukaa vipi.

Ile nukta juu ya jiwe ilikuwa kazi ya mikono yangu. Petroli ilikuwa inaosha kuta za kibuyu na kubeba mkaa mpaka kwenye injini.

Nilitaka kumwambia. Nilifika mpaka kwenye mlango wa ua, nikamwona amepiga magoti mbele ya tairi. Nikisema nimekifukiza, ataniuliza kwa nini. Nikarudi ndani, nikamimina maziwa kutoka kibuyu cha Yeyo kwenye kata nyeupe, nikampelekea.

"Asante, Nosim."

"Na mimi baba yako mdogo hunipi?" Lemburis akaniuliza. "Au mpaka nami niharibikiwe na chombo?"

Niliinamisha kichwa. Elisaria alikunywa, na alipofika chini akasimamisha kata mdomoni. Akaitazama. Kwenye matone ya mwisho kulikuwa na vumbi jeusi, kama ilivyo siku zote katika maziwa yetu. Akanusa. Kisha akainuka taratibu, akaenda kwenye kibuyu cha petroli, akanusa na huko.

Alitandaza leso juu ya mdomo wa bakuli na kumimina. Petroli ikapita, leso ikabaki nyeusi.

"Mkaa," akasema. "Inakula mkaa tangu Jumanne."

Akafungua kabureta, akatoa kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, akakielekeza juani. "Hapapiti mwanga." Waya aliokuwa nao ulikuwa mnene. "Nikiupitisha huu tundu litapanuka, na hapo nimeiua kabisa."

Nilikwenda kwa ng'ombe wetu aliyefungwa kivulini, nikang'oa unywele mmoja mrefu wa mkia, nikamletea. Aliupitisha mara tatu, akipuliza kila mara. Mara ya nne akanionyesha: mwanga ulikuwa umepita, mdogo kama nyota.

"Ng'ombe mmoja anamtibu mwenzake," alisema Lemburis.

Tangi likamwagwa na kusuuzwa, petroli ikachujwa kwa leso mbili. Elisaria akakimbia nayo mpaka kwenye kona. Ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika sauti yake, na mbuzi wetu wote wakaruka uzio. Alirudi amekaa juu yake, meno yote nje. Lemburis alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Lakini nani alitia mkaa kwenye kibuyu?" Elisaria aliuliza alipoizima.

Yeyo alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho. "Kibuyu kipya huwa na mambo yake," akasema.

Elisaria akanitazama. Nikalitazama jiwe.

Jumamosi mchungaji aliikuta inawaka, na habari ya fundi wa Tanga ikaisha. Petroli sasa inakaa kwenye debe jipya. Kibuyu kilirudi kwetu kikinuka, hakifai maziwa wala maji. Yeyo alitaka kukitupa, nikakitundika juu ya kitanda changu. Elisaria bado hupita kila siku kwa maziwa, nami bado humpa bila neno. Lakini kuandika naweza, na yeye kusoma anajua.

Elisaria, ni mimi. Kibuyu cha mpita njia Yeyo hukiosha kwa maji, basi. Hufukiza vile vya watu wa nyumbani mwake. Wala sikusahau kwamba kile kilikuwa cha petroli. Nilikifukiza kwa sababu kilikuwa chako.