Siku Tatu Mjini na Redio

Rafiki yangu kwa miaka thelathini na moja anaitwa Redio. Jina hilo alipewa darasa la tatu na mwalimu wa hesabu, kwa sababu ukimkalisha popote anasema, awe na msikilizaji au asiwe naye. Siku hizi wanawake wasiomjua utotoni humwita Kocha. Ana kipindi chake kwenye simu na anawafundisha watu kuishi. Mimi ni mkataji wa sare za shule. Nakata mashati na sketi, na mdogo wangu ndiye anayeshona. Redio huniita Mkasi, na si kwa ajili ya kazi peke yake.

Alinipigia asubuhi moja nikiwa nimeinamia meza, chaki mkononi.

"Shoga, siku tatu mjini. Mimi na wewe tu, kama zamani. Hoteli juu yangu."

"Zamani ipi? Hatujawahi kwenda mjini pamoja."

"Basi ndiyo maana tunakwenda!"

Nilijua kuna jambo. Redio hajawahi kumpa mtu hata pipi bila hotuba. Lakini mdogo wangu alisimamisha cherehani akanitazama kwa huruma, kitu nisichokipenda.

"Nenda, dada. Umekauka kama ubao wa kupigia pasi."

Nikaenda. Sitasingizia mapenzi. Nilitaka kulala kwenye shuka nisizozifua mwenyewe.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tano. Kitanda kikubwa tulichoahidiwa kilikuwa viwili vidogo vilivyosukumwa pamoja, na katikati pakabaki mfereji wa kumeza mtu. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo la jirani. Juu ya kitanda wametundika picha ya maporomoko ya maji, nadhani ili mgeni asije akalalamikia mandhari. Redio hakuona hata kimoja kati ya hivyo. Kabla sijavua viatu alikwisha simamisha simu yake kwenye kile kijiti cha miguu mitatu.

"Toka nje," akaniambia, "halafu ingia kama ndiyo unakiona chumba kwa mara ya kwanza."

"Ndiyo nakiona kwa mara ya kwanza."

"Ingia kwa furaha."

Niliingia mara nne. Mara ya nne mama wa usafi, aliyekuwa akipita na ndoo yake, aliniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Siku ya kwanza nzima ilikwenda hivyo. Tulikunywa kahawa baridi, maana ilipokuwa ya moto ilikuwa ikipigwa picha. Tulikwenda makumbusho na hatukuingia, ngazi za mlangoni zilimtosha. Nilipomwambia ningependa kuona kilichomo, alinijibu kwamba ndani hakuna mwanga mzuri. Mtu mzima huyo, mama wa watoto wawili. Tulipita kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, majora yamesimama mlangoni kama askari, nikaomba dakika kumi tu. "Nani atakaa atazame vitambaa?" akasema, akanivuta mkono. Habari za nyumbani aliniuliza mara moja, akajijibu mwenyewe.

Asubuhi ya pili nilikuta gauni la manjano limetandazwa kitandani.

"Zawadi," akasema. "Livae. Nina kitu kidogo cha kukushtukiza."

Nililigeuza ndani nje, ndio ugonjwa wa kazi yangu. Mshono wa bega umevutwa mpaka umekunjamana, pindo limekwenda mshazari, na kwapa moja liko juu kuliko la pili. Aliyelikata alikuwa na haraka au alikuwa na chuki. Nikalivaa hivyo hivyo, nikatembea mjini bega moja limepanda.

Kitu kidogo chenyewe kilikuwa ukumbi. Ukumbi mzima, viti vya plastiki zaidi ya mia, wanawake wamejaa mpaka ukutani. Mlangoni palisimama bango refu kunipita, lenye uso wa Redio na maneno INUKA DADA kwa herufi nyekundu. Redio wa kwenye bango hakuwa na mikunjo ya shingo. Huyu wa kwangu alinikalisha mstari wa mbele, akanibusu shavuni mbele ya watu, akapanda jukwaani.

Nilidhani nimeletwa kupiga makofi. Laiti ingekuwa hivyo.

"Leo nimekuja na mtu," alianza, ameshusha sauti mpaka ikawa kama ya mhubiri msibani. "Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu wa kufa na kuzikana aliachwa na mumewe."

Hapo hakukosea. Mume wangu aliondoka Jumanne, akarudi Alhamisi kuchukua friji.

"Alikuwa hali, haogi, hasemi. Ndugu walikata tamaa. Mimi niliacha kila kitu changu. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake siku arobaini!"

Ukumbi ukaguna kwa uchungu. Kisha ikajitokeza picha kwenye pazia jeupe nyuma yake, kubwa kama mlango wa gereji. Nilikuwa mimi. Macho mekundu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kupitia kidevuni, machozi yanatiririka. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu, mpole, mwenye mkoba magotini, aliweka mkono kifuani akasema, "Maskini."

"Njoo, mpenzi," Redio akaniita. "Waambie kwa mdomo wako."

Nilipanda. Wakanipa kipaza sauti, kikapiga mluzi. Nikakisogeza mbali kidogo na mdomo, kwa sababu sijawahi kuhitaji msaada wa kusikika.

"Picha hiyo," nikasema, "ni ya jino. Niling'olewa gego la chini, mwaka mmoja kabla mume wangu hajaondoka. Huyu ndiye aliyenipiga picha, kwa sababu uvimbe ulimchekesha."

Kicheko kikaanza nyuma, kikasita, kikakosa pa kwenda.

"Nilipoachwa alinipigia simu mara moja. Alizungumzia gari lake jipya dakika ishirini. Nyumbani kwangu alifika mwezi wa nane tangu niachwe, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Aliyelala sakafuni ni mdogo wangu, na alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Kuoga nilikuwa naoga. Hata ningefiwa na ukoo mzima, ningeoga."

Nilimtazama Redio nikadhani sasa ataaibika, kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu. Badala yake machozi yakamtoka, akanirukia, akanikumbatia mpaka ule mshono wa bega ukafumuka wote.

"Mmemsikia?" akapaza sauti juu ya kichwa changu. "Mmeisikia sauti hiyo? Mwanamke huyu alikuwa hawezi kusema! Hasira ni dalili ya kupona, dada zangu! Mtu aliyepona hamwogopi hata aliyemponya!"

Wakasimama. Wote. Makofi yakapigwa kama mvua kwenye bati. Wengine walilia, na nilipoteremka walipanga foleni wapige picha na mimi, bega langu likiwa nje. Mmoja aliniambia amejifunza mengi kutokana na jino langu. Watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu zao, wameambiwa mchana kweupe kwamba wamedanganywa, nao wanamshangilia aliyewadanganya. Ni yule mwanamke mwenye mkoba tu, mwalimu mstaafu, aliyenivuta pembeni na kuniuliza taratibu, "Na mtoto wa mdogo wako alizaliwa salama?" Nikamwambia salama, na ana makelele. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mkoba wake, akaondoka bila picha.

Mchana ule chumbani Redio alivua viatu, akaketi upande wake wa mfereji.

"Umeniumbua," akasema.

"Umejiumbua mwenyewe. Mimi nimetaja tu jino."

"Lakini nilikuja, Mkasi. Nakumbuka. Nakumbuka ule mkeka, ulikuwa unanichoma mgongoni."

"Mkeka upi? Nyumbani kwangu hakuna mkeka."

Alinitazama, na hapo nikaona kitu kilichonitia baridi: hakuwa akidanganya. Amekisema kisa hicho ukumbi baada ya ukumbi mpaka kimemwotea kichwani kama kumbukumbu, pamoja na mkeka wake. Akaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi huu alikuwa wapi, mwezi ule alikuwa wapi, na kila kidole kikamrudisha nyumbani kwake mwenyewe.

"Sikuja," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Hukuja."

"Nilikuwa nakuogopa. Nilijua nitasema jambo la kipuuzi, nawe utanitazama hivyo hivyo unavyonitazama sasa. Umenitazama hivyo tangu tulipokuwa na ndala za plastiki."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu matatu, yote makali. Niliingia bafuni nikavua lile gauni, nikatazama uso wangu kwenye kioo ili nijue unafananaje. Haukuwa uso wa kupendeza. Nikautia maji, nikarudi kukunja nguo zangu.

Asubuhi ya tatu niliondoka na basi la kwanza, yeye amelala, mguu mmoja umezama mferejini. Sikumwachia barua. Ningeandika nini, ahsante kwa shuka?

Wiki iliyofuata video ilisambaa. Niliiona kwa sababu mdogo wangu aliiweka juu ya meza ya kukatia, akasimama ameinamisha macho. Jino halikuwamo. Gari halikuwamo, wala mwezi wa nane. Palikuwa na siku arobaini za Redio sakafuni, kisha mimi nikikumbatiwa, kisha makofi.

"Na wewe ulinyamaza tu, dada?"

"Sikunyamaza. Wamekata."

"Mimi ndiye niliyelala pale," akasema. "Mgongo ule sijaupata tena mpaka leo."

Nimemtukana Redio kimoyomoyo miaka mingi, na huwa inanitosha. Siku hiyo haikutosha. Nilimpigia simu, na alipoanza kunieleza habari za watazamaji nilimkatiza.

"Ifute. Halafu njoo umwombe radhi mdogo wangu, kwa miguu yako, bila hiyo simu ya miguu mitatu. Usipokuja, usinipigie tena."

Alinyamaza. Niliangalia kama laini imekatika, maana sijawahi kumwona Redio akinyamaza. "Nitakuja," akasema.

Alikuja Jumatatu, na video ilikuwa imekwisha futwa. Alisimama mlangoni mwa karakana yetu amevaa viatu vya visigino kwenye sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa, akamwambia mdogo wangu, "Ulilala wewe, nikajivika sifa mimi. Nisamehe." Sentensi mbili. Zilizofuata zilikuwa kumi na nne, lakini zile mbili za kwanza zilisimama vizuri.

Mdogo wangu hakusema amesamehe wala hajasamehe. Tulikuwa na mashati ya shule tisini ya kupelekwa siku inayofuata, na msichana wa vifungo alikuwa mgonjwa. Akavuta kiti, akaweka mbele ya Redio rundo la mashati, sindano, na kopo la vifungo vyeupe.

"Vitano kila shati," akamwambia. "Kaa."

Redio alikaa. Alishona mpaka saa kumi jioni, ulimi umemtoka kando ya mdomo, mikono haina nafasi ya kushika simu, akijidunga na kulalamika na kutusimulia habari za watu tusiowajua. Mdogo wangu alicheka mara mbili, nilimsikia. Alipoondoka tulikagua kazi yake. Mashati ishirini na mawili, na kati ya hayo kumi na tisa vifungo havikulingana na matundu. Tulivikata vyote tukavishona upya.