Kadi Mpya na Macho ya Baba

Breki aliendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja, na siku aliponyang'anywa leseni hakupiga kelele wala kubishana na mtu. Daktari wa macho alikuwa amemweleza bila kuzunguka: presha ya macho imemlia uwezo wa kuona pembeni, kulia na kushoto, na kilichopotea hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Breki akamshukuru, akarudi nyumbani, akatundika koti lake la safari nyuma ya mlango, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa tu. Akiulizwa atakula nini, chochote. Akiulizwa hali, nzuri tu.

Binti yake ndiye aliyeona kwamba hali haikuwa nzuri hata kidogo. Alikuwa fundi wa kusaga lenzi kwenye karakana ya miwani, na mtaani walimwita Miwani ingawa mwenyewe hakuvaa. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya gemu aliyoinunua kabla hajaolewa, dude jeusi lenye feni tatu, ambalo mumewe alizoea kuliita "mume mwenzangu". Siku moja Miwani akaweka humo gemu ya kuendesha malori, akafunga usukani wa plastiki kwenye ukingo wa meza, akapanga pedali chini, akamwita baba yake.

"Mimi na michezo ya kompyuta wapi na wapi?" Breki alisema. Lakini alikaa. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akatazama skrini, akauliza, "Tela lina mzigo gani?"

"Saruji, Baba."

"Tani ngapi?"

Miwani alijua hapohapo kwamba amempata.

Basi kila Jumamosi asubuhi Breki alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akafika kwa binti yake hata chai haijachemka. Aliendesha kwa adabu. Taa nyekundu alisimama hata kama barabara nzima hapakuwa na mtu. Akipishwa njia, aliwasha taa kushukuru, na mkwewe alipocheka kwamba anashukuru vikaragosi, alijibu, "Adabu haichagui abiria." Huku akiendesha alisimulia. Miwani akajua habari za daraja lililobomoka, baba akalala siku tisa kando ya mto akipika kwenye rimu ya gurudumu. Akajua kwamba kila mzigo ulioshushwa, kabla ya kula, baba alikuwa akitafuta simu ya kupiga nyumbani. Utotoni baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Sasa alikaa naye bega kwa bega saa tatu mfululizo, na moyoni alishukuru hata kwa ile leseni iliyochukuliwa, ingawa hilo hakuthubutu kulisema.

Kisha gemu ikaletewa barabara mpya za milimani, na mashine ikaanza kuhema. Picha zikawa zinakwama, zinaruka, zinakwama tena. Breki akawa anagonga. Leo nguzo ya geti, kesho ukuta wa ghala. "Mashine yako imechoka, mwanangu," alisema kwa upole, akashuka kitini. Jumamosi iliyofuata hakuja. Alipiga simu kwamba mgongo unamuuma. Na iliyofuata vilevile.

Miwani akakata shauri: lawama zote ni za kompyuta. Inahitaji kadi mpya ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora picha za gemu, na skrini pana zaidi, ili mzee aone vizuri. Mumewe alikuwa na mawazo mengine. Huyu alikuwa bingwa wa kungoja. Friji yenyewe aliingojea miaka miwili.

"Miezi michache ijayo zinatoka kadi mpya," alisema. "Zikitoka tu, hizi za sasa zinashuka bei. Subiri, mke wangu. Kuna haraka gani?"

"Na macho ya baba nayo tuyaambie yasubiri?"

 Baadaye mumewe alikuja kumshika bega, akasema, "Nunua. Nilikuwa nimesahau tunamnunulia nani."

Kesho yake, mchana wa mapumziko ya kazi, Miwani alikwenda dukani kwa Bisibisi. Huyu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, fundi wa kompyuta ambaye jina lake halisi hakuna aliyelikumbuka. Miwani akaeleza shida yake, akaonyesha kwa kidole kadi iliyokuwa kwenye kabati la vioo, na ile skrini pana iliyopinda kama upinde.

"Siuzi," Bisibisi alisema.

"Huuzi vipi? Si umeziweka zinauzwa?"

"Sikuuzii wewe, leo. Sijaiona mashine, sijamwona mzee. Nitakuja Jumamosi. Na mzee awepo, mwambie aje na mgongo wake huohuo."

Breki alikuja, lakini kwa shingo upande. Bisibisi alikuwa ameshaifungua kompyuta, vipande vimetandazwa juu ya gazeti. Vumbi lililotoka kwenye feni lingeweza kujaza mto wa mtoto mchanga. Ile dawa ya kupoza, inayopakwa juu ya kichwa cha mashine, ilikuwa imekauka kama gundi ya zamani. Alifuta, akapaka mpya, akarudisha kila skrubu mahali pake, akaingia kwenye mipangilio ya gemu akapunguza vivuli na majani ya miti. "Nani aliwahi kuendesha lori akihesabu majani?" aliuliza. Alipowasha, barabara ya milimani ikatiririka bila kukwama.

"Haya, mzee. Twende."

Breki akaondoka vizuri, akabadilisha gia, akapanda kilima. Kwenye kona ya kwanza tela likaparua nguzo.

 Safari hii hapakuwa na mashine ya kusingiziwa.

"Mzee wangu," Bisibisi alisema, na sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imeshuka, "ile nguzo uliiona?"

Breki aliachia usukani, mikono akailaza mapajani. "Sikuiona. Wala zile za siku za nyuma sikuziona."

"Na vioo vya pembeni?"

"Vipo?"

Miwani aliinama kando ya kiti. "Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikisema utaniondoa na hapa pia," alijibu, bila kumtazama.

Bisibisi hakumpa mtu nafasi ya kulia. Alisimama, akaibeba skrini, akaivusha chumba kizima na kuiweka juu ya kabati la nguo, waya wake ukining'inia kama kamba ya kuanikia. Usukani ukabaki mezani. "Mama yangu ana macho kama hayo," alisema. "Televisheni iko sebuleni, yeye anatazama habari akiwa jikoni. Anasema akisogea karibu inamzidi. Haya, sema unaona nini."

Kwa umbali ule, picha yote ilikuwa ndogo, na ikaingia nzima katika ule mduara wa macho uliokuwa umembakia. Breki alitazama muda mrefu.

"Kumbe kuna kioo pale!" alisema. "Na pale kingine! Na huyo mpumbavu nyuma yangu ananiwashia taa!"

Miwani alicheka huku machozi yanamtoka, na aibu ikamshika papo hapo. Yeye, anayeshika lenzi kutwa, alikuwa anataka kununua skrini ya kuvipeleka vioo pembeni zaidi, kulekule baba asikoona kitu. "Nitakusagia lenzi za umbali huu, Baba," alisema. "Nitazisaga kwa mkono wangu." Kisha akamgeukia Bisibisi. "Na kadi je?"

"Ngoja. Hii uliyonayo bado ina pumzi. Siku yake ikifika nitakuita."

"Lakini umejinyima biashara, dada."

"Nimekunywa chai vikombe viwili na nimepandishwa mlima kwa lori bure. Tuache maneno, mzee anarudi nyuma."

Breki alikuwa amefika ghalani. Aliliingiza tela kinyumenyume, taratibu, akihama kioo hiki na kile, na likakaa mahali pake mara ya kwanza. Akazima injini, akainuka, akamshika Bisibisi mkono kwa mikono yake miwili.

Kadi waliinunua miezi saba baadaye, Bisibisi alipoita, na kweli bei ilikuwa imeshuka. Mume wa Miwani alijisifu wiki nzima. Miwani alimwacha ajisifu. Alijua kwamba kama angeuziwa kadi siku ileile, angeona amemaliza wajibu wake, na baba angebaki nyumbani kwake na ule mgongo usiouma. Kwa hiyo kila akitoka kazini alipitia dukani.

"Leo umeniletea nini kibovu?" Bisibisi aliuliza.

"Hakuna. Nimekuja kusalimu tu."

"Basi kaa."

Na Miwani alikaa.