Tumefunga, Alhamdulillahi

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni nguo, natengeneza mashine zinazoshona, na hata nikisema hivyo bado watu huniletea vitambaa. Kazi alinifundisha mume wangu, marehemu Rajabu. Miaka kumi na tisa tulikaa kwenye baraza moja hapa Kariakoo, kila mshonaji akitujua. Mwaka huu jengo likavunjwa. Nikapata chumba mtaa wa pili, ghorofa ya tatu, upande wa nyuma, mlango unatazamana na tangi la maji. Wateja wakawa wanafika kwenye kifusi, wanashangaa, wanarudi kwao.

Shemeji yangu Hashimu, mdogo wake marehemu, ana duka la mitumba Buguruni. Akanipa muda hadi Idi. Nisipoweza kusimama, mashine zangu zihamie dukani kwake, na mimi nikae pale mlangoni nimkaribishie wateja. Alilisema hilo kwa upole, mbele ya wazee, na wazee wakaitikia. Ni mtu mwema, lakini sikutaka. Mwanamke wa umri wangu akishakaa mlangoni kwa mtu, hata kiti si chake.

Winifrida, anayeuza makava ya simu pale chini, akaniambia dawa ni kuingia mtandaoni, maana siku hizi mtu hamuulizi mpita njia, anaiuliza simu. Akaniandikisha kwenye orodha ya maduka inayoitwa Tupo Hapa: Kijakazi Fundi Cherehani, mtaa, ghorofa, namba ya simu, na picha yangu nimenuna. Alinitaka nicheke. Nikamwambia natafuta cherehani, sitafuti mchumba.

Ikaingia Ramadhani. Kwetu ndiyo msimu wenyewe: washonaji wanakimbizana na nguo za Idi, na mashine zinawafia mikononi. Siku ya nane simu ikaita. Binti akajitambulisha kuwa ni Mboni wa Tupo Hapa, ofisi yao iko Posta, na anahakiki taarifa. Akasema kuna mteja ameripoti kwamba tumefunga. Nikapandwa na hasira. Mtu mzima na akili zake anakaaje kuripoti funga za watu?

"Ni kweli mama, mmefunga?"

"Tumefunga, alhamdulillahi."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa Winifrida wa chini. Yeye Mkatoliki."

Nikasikia anabofyabofya. Akauliza kama ni kwa muda tu au moja kwa moja. Nikamwambia mimi si wa kufunga nusu siku kama watoto, nikianza nimeanza, mpaka mwisho inshallah. Akasema pole sana mama. Nikaona binti ana adabu, nikamwombea dua.

Kesho yake hakupanda mtu. Keshokutwa pia kimya. Siku ya tatu akapanda Hashimu, anahema, akanishukuru kwa kuamua mapema. Nikamuuliza nimeamua nini. Akanionesha simu yake. Chini ya ule uso wangu ulionuna kulikuwa na maandishi mekundu: Imefungwa moja kwa moja.

Nikamwambia sijafunga duka, nimefunga saumu. Akasema tusiongee kwa hasira, tuko kwenye mfungo, na tena imeshaandikwa. Nikarudia. Akasema Jumamosi ataleta mkokoteni. Mara ya tatu nilisema akiwa ameshafika ngazini, na sauti yangu ilifika mpaka kwa Winifrida.

Nilimpigia Mboni. Alicheka kwanza, kisha akaomba radhi, kisha akasema marekebisho huchukua siku kumi na nne za kazi. Nikapiga hesabu, Idi itakuwa imepita. Nikakaa sakafuni katikati ya mashine za Rajabu, nikalia. Siogopi kusema, nililia.

Sasa, Kariakoo duka likifungwa watu hawaji kutoa pole, wanakuja kuuliza bei. Ijumaa asubuhi nikasikia viatu ngazini. Alikuwa Shaima, mshonaji wa madera ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu tubomolewe. Overloki yake, mashine ya kufunga kingo za nguo, inaruka nyuzi, kaona kwenye simu nimefunga, kawahi vipuri vya bei ya kutupa kabla wenzake hawajafika. Nikamwambia vipuri siuzi, ailete hiyo overloki. Akaileta. Nusu saa ikawa inashona. Akawapigia wenzake, nao walikuwa njiani tayari kwa tamaa ileile.

Jumamosi Hashimu alikuja na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Hawakupata pa kupita. Ngazi nzima ilikuwa wanawake na vichwa vya cherehani, wengine wameviweka mapajani, wengine wanagombana nani kamtangulia nani. Akasukumana nao mpaka mlangoni, jasho linamtoka. Akanitazama nimeshika bisibisi, mikono imejaa grisi.

"Shemeji," akasema, "si ungeniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Simu ilikuambia mara moja."

Nyuma yake alisimama bibi mmoja amekumbatia mashine nzito ya chuma. Hashimu akageuka, akampokea, akauliza aiweke wapi.